Taa ya Njano kwenye Barabara ya Likasi

Kamioni ya kwanza niliyoipanda kama boyi-shofa, yaani msaidizi wa dereva, ilikuwa Mercedes 1924 yenye pua ndefu, na kwenye dashibodi yake kulikuwa na taa nyekundu ya chaji isiyozimika. Shofa alikuwa ameiziba kwa kipande cha plasta ya kidonda. "Hiyo ni mwongo," aliniambia, akawasha gari. Mshale wa presha ya oili ulikuwa mzima. Wa joto la maji ulifanya kazi siku ukipenda. Mengine yote injini iliyasema kwa moshi, kwa mlio, kwa harufu na kwa mtetemeko uliopanda kupitia soli za viatu, na aliyekaa ndani ya kabini hakuwa na mtu mwingine wa kumwuliza.

Ilikuwa mwaka 1985. Kampuni ya migodi, Gécamines, bado ilikuwa baba na mama wa Kolwezi: shule yake, hospitali yake, unga wake wa kila mwezi kwa jamaa ya mfanyakazi, na mwaka uliofuata ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba, kiasi ambacho haikukipata tena. Baba alikuwa fundi katika garaji ya kampuni. Kwao mazuti, yaani dizeli, yalifika kwa reli katika mabehewa ya tanki, yakalazwa kwenye matanki makubwa mpaka maji na uchafu vikashuka chini, ndipo yakagawiwa. Kila gari lilikuwa na kadi iliyoonyesha siku ya kubadilisha filta. Baba hakuijua harufu ya mazuti mabaya kwa sababu hakuwahi kupewa. Mimi niliyeingia barabarani na mfanyabiashara wa samaki wakavu wa Bukama niliijua kabla ya ndevu kuota.

Moshi ulikuwa somo la kwanza. Mweusi ukizidi mlimani, mazuti yanaingia mengi kuliko hewa: fungua filta ya hewa, na Kolwezi wakati wa kiangazi utaikuta imejaa vumbi jekundu hata kama uliikung'uta juzi. Wa buluu, injini inakula oili, anza kuweka akiba. Mweupe asubuhi ya Juni si neno. Mji wetu uko juu karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, usiku wa Juni unauma, na chuma baridi hakichomi mazuti yote. Subiri kipate joto. Lakini moshi mweupe saa sita mchana, umepakia, gari linakosakosa pumzi, huo ndio uliomfanya shofa wangu aache kuimba. Alitafuta kivuli, akazima, akaniambia nilete chupa.

Chupa ya bia ya Simba isingefaa, ni ya kahawia. Yetu ilikuwa ya whisky, nyeupe kabisa, aliiazima kwa Mgiriki mmoja mwenye duka na hakuirudisha. Ulilegeza koki iliyo chini ya filta, ukakinga mazuti hadi nusu ya chupa, ukaiweka juu ya bampa na kuiacha kwa muda wa sigara moja. Mazuti safi yanang'aa. Unaweza kusoma gazeti nyuma yake. Yenye maji yanaanza na ukungu, halafu maji yanashuka kidogo kidogo na kujilaza chini, kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta, na ukiinamisha chupa unaona mstari ukihama. Mara nyingine kati ya maji na mafuta kulikuwa na utando mweusi unaonata kama bamia. Vile ni vijidudu. Vinaishi hapo mpakani, vinakula mafuta, na mavi yao huziba filta. Shofa wangu hakujua habari za vijidudu, aliuita "kamasi ya tanki", lakini alijua dawa yake: fungua tanki, toa yote, osha, anza upya.

Mafuta ya taa hayajitengi kwenye chupa. Yakishachanganywa na mazuti yamechanganyika, na chupa itakudanganya kwa kung'aa hata zaidi. Hapo zilihitajika pua na vidole. Mazuti ukiyasugua kati ya kidole gumba na cha shahada yanabaki na utelezi. Mafuta ya taa yanakauka na kuacha ngozi nyeupe kama uliyeshika chokaa. Tone la mazuti kwenye karatasi ya daftari linaacha doa ambalo kesho utalikuta palepale. Na tulikuwa na kipimo cha tatu ambacho simshauri mtu: tulinyonya mpira kwa mdomo ili kuhamisha mafuta kutoka pipani kwenda kwenye tanki, na aliyewahi kumeza yote mawili hasahau tofauti. Ninao wenzangu ambao kifua hakikupona.

Kama mazuti yalikuwa mazuri na bado injini inaruka, shofa alichukua bisibisi ndefu, akaegesha ncha yake kwenye injekteri na mpini kwenye sikio. Injekteri nzima inagonga, tik, tik, tik, kama saa ya ukutani yenye haraka. Iliyokufa iko kimya au inanong'ona. Akitaka kuhakikisha, alichukua ufunguo namba 17 na kulegeza nati ya bomba la kila silinda, moja baada ya nyingine, injini ikiwa inanguruma taratibu. Ukilegeza ya silinda nzima, injini inadidimia na kutikisika. Ukilegeza na mlio usibadilike, umempata mgonjwa. Mazuti yalimchuruzika mikononi, akajipangusa kwenye suruali.

Halafu mambo yaliharibika yote kwa pamoja. Reli ya Benguela, iliyotuunganisha na bandari ya Lobito, ilikuwa imekatika tangu 1975 kwa vita vya Angola. Septemba 1990 dari ya mgodi wa chini wa Kamoto iliporomoka, na ule mgodi ndio uliokuwa mkono wa kuume wa Gécamines. 1991 ikawa mwaka wa uporaji. Yakafuata ya 1992 na 1993, majirani wetu Wakasai wakifukuzwa na kulala stesheni wakisubiri mabehewa. Hayo sitayaingiza katika habari ya injini, ila niseme tu kwamba mafundi wengi wazuri wa dizeli walikuwa miongoni mwao. Kufikia 1994 Gécamines ilitoa karibu tani 30,000. Matanki makubwa ya baba yakakauka, na mji wote ukaanza kununua mazuti kwa wale vijana wa kando ya barabara tunaowaita kina Kadafi, bidoni kwa bidoni, kupitia faneli yenye kitambaa.

Siwalaumu sana kina Kadafi. Bidoni linalofika kwao limeshapita mikono mingi. Kongo haijisafishii mafuta yake. Yetu ya kusini yanatoka baharini, Dar es Salaam, Beira au Durban, yanavuka Zambia na kuingia kwa mpaka wa Kasumbalesa. Kutoka Dar peke yake ni kama kilomita 2,000 za barabara. Lile bomba la TAZAMA lililojengwa mwaka 1968, lenye kilomita 1,710, linaishia Ndola. Kuanzia hapo ni magurudumu tu. Kila mahali tanki linaposimama usiku kuna mtu mwenye mpira na bidoni, na lita ishirini zilizotoka lazima zirudishiwe kitu fulani ili kipimo kisilalamike. Mafuta ya taa yalikuwa na bei ya chini kwa sababu ni ya maskini, ushuru wake mdogo. Hapo ndipo wizi ulipoingilia. Watanzania waliuita uchakachuaji na wakapigana nao waziwazi: mdhibiti wao wa nishati, EWURA, alianza kuyatia mafuta vinasaba mwaka 2010, na katika bajeti ya 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuchanganya kusiwe na faida. Huku kwetu dawa iliendelea kuwa chupa ya whisky.

Na hii ndiyo sababu tulipona: ile Mercedes ilikuwa na tumbo la mbuzi. Pompa yake ya kunyunyizia mafuta ilipata ulainisho kutoka kwenye oili ya injini, haikuyategemea mazuti. Injekteri zilifunguka kwa msukumo wa bari 200 hivi. Ukiipa mafuta ya taa robo tanki, ilipiga kelele, ilikosa nguvu, ilichakaa kabla ya wakati wake, lakini ilikufikisha Likasi. Ukiipa maji, ilizimika. Ukamwaga, ukafungua skrubu ya hewa juu ya filta, ukasukuma pompa ya mkono mpaka povu likaisha na mazuti yakatoka mfululizo, ukafunga, ukawasha. Tatizo baya zaidi lilikuwa mpira uliopasuka upande wa kunyonya. Hauvuji tone hata moja, kwa hiyo unautazama na kuuona mzima, kumbe usiku hewa inaingia na mazuti yanarudi tankini. Asubuhi gari linawaka sekunde kumi na kufa. Tulichomeka kipande cha mpira mweupe wa dripu ya hospitali katikati ya njia ya mafuta na kutazama viputo vikipita.

Sitaki mtu afikiri ninaililia barabara ile. Kolwezi hadi Lubumbashi ni kilomita 300 hivi, na wakati wa mvua za miaka ya tisini nimeona bukari, ugali wetu, ikipikwa na kuliwa asubuhi na jioni mahali pamoja, kamioni imezama hadi ekseli, samaki wa tajiri wakianza kutembea wenyewe. Wanaosema zamani kulikuwa na raha walikuwa wamekaa ofisini.

Lami ilirudi. Migodi ilirudi, safari hii na majina mengine na wenyewe wengine. Mwaka 2015 Katanga ikagawanywa vipande vinne na Kolwezi ikawa mji mkuu wa mkoa wa Lualaba. Leo ukisimama Fungurume jioni utahesabu kamioni mpaka uchoke: zinazokwenda zimepakia kathodi za shaba na magunia ya haidroksaidi ya kobalti, zinazokuja zimepakia chokaa, tindikali, vipuri, na salfa ya njano ya kutengenezea tindikali nyingine viwandani. Salfa hiyohiyo, ikiwa ndani ya mazuti, ndiyo inayoua magari mapya, lakini nitafika huko.

Magari haya mapya yametoka China, mengine Ulaya, na karibu yote yana kompyuta. Mazuti yanasukumwa katika bomba moja nene la pamoja kwa bari 1,600 na zaidi, kisha kompyuta inaifungua kila injekteri kwa umeme, mara kadhaa ndani ya mpigo mmoja. Ndiyo maana hayatoi moshi kama yetu na yanakula mafuta kidogo. Nafasi kati ya chuma na chuma ndani ya injekteri ni mikroni mbili tatu, wakati unywele wa mtu unafika sabini. Pompa inalainishwa na mazuti yenyewe. Sasa fikiri bidoni la Kadafi linaingia humo. Mafuta ya taa hayana utelezi, pompa inajikwangua na kutapika unga wa chuma, unga unakwenda kwenye injekteri, na kilichoanza kama lita ishirini za bei nafuu kinamalizika kwa kubadilisha njia nzima ya mafuta. Tone la maji likifika kwenye ncha ya moto linageuka mvuke kwa kishindo na kuibomoa.

Kabla ya hapo, taa huwaka. Ni haki niseme kwamba taa hizi hazisemi uongo mara nyingi kama ile ya plasta. Nyekundu maana yake simama sasa, hasa ile ya kopo la oili. Anayetafuta mahali pazuri pa kuegesha huku kopo likiwaka atanunua injini. Njano inakuruhusu uendelee huku unafikiri. Umbo la filta lenye matone chini yake ni maji: mwaga filta leo. Ile ya koili iliyosokotwa huwaka asubuhi kwa sekunde chache ikipasha moto. Lakini ikianza kupepesa ukiwa safarini, katika magari mengi ya Ulaya si habari ya plagi za joto tena, ni kompyuta inayolalamika jambo jingine. Na umbo la injini, la njano, ndilo la kuumiza kichwa, kwa sababu linaweza kuwa lolote kuanzia waya uliotafunwa na panya hadi pompa iliyokufa. Mara nyingi gari hujipunguzia nguvu lenyewe, likapanda mlima kama mgonjwa anayepanda ngazi, lisijiumize zaidi.

Anayenunua gari lililotumika asikilize na hili. Ukiweka ufunguo bila kuwasha injini, taa za onyo lazima zimulike, na injini ikishawaka zizime. Ambayo haimuliki kabisa ndiyo iliyotobolewa jicho na muuzaji. Plasta haijaondoka mjini, imejificha tu nyuma ya dashibodi.

Vijana wa garaji siku hizi hawana bisibisi sikioni. Wana skana, au simu yenye kidude kinachochomekwa chini ya usukani, na gari linawaambia kwa namba. Magari madogo husema P0087: presha ya mafuta katika bomba la pamoja iko chini. Kamioni husema kwa lugha yake, SPN 157 kwa presha hiyohiyo, SPN 97 kwa maji kwenye mazuti. Nimezikariri kwa taabu na ninazitumia. Kijana anayefanya kazi nami alinikuta siku moja nimeshika ufunguo wangu wa 17 nikilisogelea bomba la kamioni ya kisasa iliyokuwa ikinguruma, akanivuta mkono kwa nguvu ambazo mtoto hamvuti mzee. "Papa, hiyo itakutoboa!" Alikuwa na haki. Kwa bari 1,600 mazuti yanapenya ngozi kama sindano na kuozesha nyama kwa ndani, na mtu anaweza kupoteza mkono kwa kitundu asichokiona. Silinda haitafutwi hivyo tena. Inazimwa kwa kubonyeza kioo.

Namba inasema presha iko chini. Haisemi kwa nini. Inaweza kuwa filta imeziba, pompa imechakaa, injekteri inavuja, mpira unanyonya hewa, au kihisi chenyewe kimeharibika na presha ni nzuri kabisa. Kijana wangu hupenda kuanza na kihisi, kwa sababu ndicho kilichotajwa. Mimi huanza na chupa, na tunagombana. Tunapogombana mbele ya mteja huwa namwambia alipe filta kwanza, ndiyo kitu cha bei ndogo kuliko vyote, halafu tutazame.

Miaka michache iliyopita waliletwa kwetu mume na mke, Wazungu, wazee wenye adabu, na gari ambalo watu wa mtaa walikuja kulitazama kama sarakasi: nyumba kamili juu ya magurudumu, kitanda, jiko, choo, pazia la maua dirishani. Walikuwa wakielekea Dilolo ili wavuke kuingia Angola. Mama mmoja jirani aliuliza kama hawana watoto wa kuwajengea. Injini ilikuwa dizeli ya Ulaya ya kiwango kipya, Euro 6, na dashibodi ilikuwa imewaka kama Krismasi: injini ya njano, koili inapepesa, na maandishi yanayohesabu kilomita zilizobaki kabla gari halijakataa kuwaka kabisa.

Kijana alichomeka skana, zikatoka namba nyingi. Mimi nikaomba mtungi wetu wa kioo, nikakinga kutoka kwenye filta. Maji, kama kidole kimoja. Walikuwa wamenunua kutoka pipani njiani baada ya pampu mbili kukauka. Tulimwaga, tukabadilisha filta kwa ile ya akiba waliyokuja nayo, na namba ya presha ikafutika, gari likapata pumzi. Yule bwana alinishika mikono yote miwili. Lakini taa haikuzimika yote. Gari lile lina chujio la masizi kwenye bomba la moshi, na tanki la pili la maji ya urea ya kusafishia moshi, na vyote viwili vimetengenezwa kwa ajili ya mazuti yenye salfa sehemu 10 katika milioni, kiwango cha Ulaya tangu 2009. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilijiwekea 50 kuanzia 2015. Pipa la njiani halina kiwango, lina faneli. Salfa ilikuwa imeshaanza kuziba mapafu ya gari, na pua yangu haina la kusema juu ya hilo. Salfa hainusiki kwa kiasi hicho, haionekani chupani, haisikiki kwa bisibisi. Kijana alieleza kwa Kifaransa kwamba kuna watu wanaokata chujio na kuifundisha kompyuta isahau. Mama wa Kizungu alitikisa kichwa kabla hajamaliza: gari likirudi kwao halitapita ukaguzi. Wakageuza kurudi Lubumbashi polepole, kilomita zikihesabiwa kinyumenyume mbele ya macho yao. Kwa mara ya kwanza nilitamani injini ya mteja ingekuwa mbaya zaidi, ya zamani, ile yenye tumbo la mbuzi.

Kinachoniuma zaidi lakini si gari la wageni. Ni madereva wetu wa masafa, maana nao wanaishi ndani ya gari, ila hakuna anayekuja kuwatazama. Foleni ya Kasumbalesa ikikaza, dereva wa Kitanzania analala kabini wiki nzima na zaidi, anafua na kuanika kwenye vioo, anapika ugali kwenye kisanduku kilichofungwa ubavuni mwa trela. Na foleni yenyewe inazalisha ugonjwa wa mafuta. Injini inawashwa kusogea mita hamsini, inazimwa. Tanki lililobaki robo lina hewa nyingi ndani. Mchana inapata joto, usiku wa kiangazi inapoa, jasho linatiririka kwenye kuta za tanki na kushuka chini. Posho ikiisha kabla ya foleni, lita kadhaa zinashuka kwa Kadafi na kugeuka chakula. Kila mtu barabarani analijua hilo. Shofa wangu wa Mercedes alilifanya, na tajiri wa samaki alijua na kulihesabu kwenye bei, yakaisha hivyo.

Sasa hayaishi hivyo. Kipimo cha tanki kimeunganishwa na satelaiti. Namba iliyowasha taa ya njano imeandikwa ndani ya kompyuta pamoja na saa, mwendo na mahali, na inasomwa ofisini Dar kabla dereva hajapata pa kuegesha. Zamani injini ikiumwa ilimwambia aliyekaa ndani yake. Siku hizi inamsemea kwa bosi.

Mwaka jana alikuja kijana wa Mbeya, kamioni yake ikivutwa na mwenzake. Alianza na shikamoo kabla ya kuomba msaada, nikamwitikia na kumpa kiti. Nguvu zilimwishia kwenye mlima baada ya Fungurume, taa ya njano, SPN 157, na alipokuwa bado anawasha taa za dharura simu ililia. Hawakumwuliza kama yuko salama. Walimwuliza: "Umeweka nini kwenye tanki?" Alikuwa amejaza kwenye pampu ileile aliyoelekezwa na ofisi, na risiti alinionyesha, imekunjwa mara nne ndani ya leseni. Tulikinga mafuta mbele ya watu. Maji yalikuwa vidole viwili, na utando mweusi juu yake, ule wa vijidudu, ambao hauoti kwa siku moja. Maji yale yalikuwa yamekaa ndani ya tanki la mtu kwa majuma kabla hayajafika kwake. Nilimweleza hivyo. Nikaandika kwenye karatasi ya garaji, kwa herufi kubwa, nikatia sahihi. Kijana wangu akapiga picha ya mtungi, mstari ukionekana wazi, na picha ya risiti, vikatumwa Dar kwa simu.

Jibu lilifika jioni. Sampuli isiyo na lakiri si sampuli. Fundi aliyeandika ana cheti cha nani? Kumbukumbu ya gari inaonyesha mafuta yalishuka lita arobaini Kasumbalesa, kwa hiyo suala la maji ni la dereva kujibu. Nilimtazama nikamwuliza kwa sauti ya chini habari ya lita arobaini. Akasema alikaa foleni siku kumi na moja na posho ni ya siku tano.

Injekteri sita, zinakatwa mshahara mwezi kwa mwezi, moja moja. Alinipigia simu majuzi akiwa Nakonde, akauliza hali ya watoto, akasema ameshalipa mbili.